Kitambaa cha Kijani Mikononi mwa Lete

Dada yangu mkubwa tunamwita Lete. Jina la cheti analo, refu na zuri, ila hulisikii mpaka uende naye benki. Hili la Lete alipewa na Mama, na alilipata kwa jasho lake mwenyewe. Ukiinama kufunga kamba za viatu, ukachelewa kidogo kuvuta kitanzi, mkono wake umeshafika: "Lete!" Ukimenya kitunguu huku unafuta machozi: "Lete!" Zipu iliyokwama, kifuniko kilichogoma, hesabu za mafumbo: "Lete, lete hapa." Na ukimpa, kifuniko kinafunguka na hesabu inatoka. Hapo ndipo palipotuudhi. Angekuwa anaharibu, tungekuwa na la kusema.

"Huyu hata kuzaliwa alijizalisha," Mama hupenda kuwaambia wageni. "Mkunga bado anatafuta glovu, yeye huyu hapa. Nadhani alimwambia, mama, lete mkasi."

Mtu wa namna hiyo akiwa daktari wa upasuaji, hakuna wa kushangaa. Alisoma udaktari, akafaulu. Akasomea ubingwa wa upasuaji, miaka ya kulala na viatu miguuni, akafaulu tena. Siku hiyo tulicheza sebuleni mpaka jirani wa ghorofa ya chini akagonga dari kwa ufagio, kisha akapanda mwenyewe kuja kucheza. Sote tulijua shule imekwisha. Mumewe, shemeji yangu, ambaye ni fundi wa majokofu, alianza kusema maneno kama "sasa tupumue."

Walipumua kidogo. Kisha siku moja, tuko mezani tunakula, dada akasema anarudi shule.

"Shule ipi tena?" shemeji akauliza. Kijiko kilimbakia hewani.

"Ubingwa bobezi. Upasuaji wa watoto."

"Ngoja kwanza. Daktari ulikuwa?"

"Nilikuwa."

"Ukawa bingwa?"

"Nikawa."

"Sasa juu ya bingwa kuna nini tena? Huko si kuna ndege tu?"

"Juu ya bingwa kuna mtoto mchanga," dada akasema. "Mimi nimefundishwa kupasua watu wazima. Mtoto si mtu mzima aliyefupishwa. Damu yake yote inaingia kwenye kikombe cha chai. Ukimwaga ya kijiko, umemwaga nyingi."

Shemeji aliweka kijiko chini. Alimtazama mkewe, akatazama chumba, akasema, "Haya. Majokofu yanaharibika kila mji."

Hivyo ndivyo ilivyoamuliwa. Lakini sitaki msomaji adhani dada alikwenda kwa kupenda vyeti. Katika hospitali ya mji wetu, mtoto akizaliwa na utumbo uliojifunga, au na tundu mahali pasipotakiwa, kazi ya dada ilikuwa kumwandikia safari. Kutwa nzima ya barabara hadi hospitali kubwa, mama kapakata, chupa ya maji ya dripu inaning'inia kwenye kioo cha gari. Wengine walirudi wamembeba mtoto, na wengine walirudi wamebeba shuka iliyokunjwa. Nikifika hapa huwa ninapandwa na hasira, na sitaomba radhi kwa hilo. Nani alipitisha sheria kwamba utumbo wa mtoto upime kwanza urefu wa barabara ndipo ujifunge? Watoto wanaozaliwa mbali na mji mkubwa wamekosa nini, wao au mama zao? Ugonjwa wenyewe mara nyingi ni wa kutibika kabla chai haijapoa. Kinachoua ni barabara, na kinachoiacha barabara iue ni sisi tuliozoea.

Dada hakuwa mtu wa hotuba kama mimi. Yeye alifunga sanduku.

Wakahamia mji wenye hospitali ya kufundishia, vyumba viwili ghorofa ya tatu. Mimi nilipomaliza chuo niliwafuata huko, nikalala kwenye kochi lao, nikawa natafuta kazi na kubishana na redio. Mama naye alikuja kusalimia, akasahau kuondoka.

Mwalimu wa dada alikuwa Profesa mmoja mfupi, mwenye sauti ya chini sana. Chumba kizima kilinyamaza alipozungumza, maana asiyenyamaza hasikii. Kwake dada alijifunza upya vitu alivyodhani anavijua: kushika, kukata, kufunga fundo kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Wenzake walikuwa mabingwa kama yeye, watu wazima wenye mvi moja mbili, wamekaa kwenye madawati tena na kuulizwa maswali kama watoto wa darasa la nne. Lete aling'ara. Profesa mwenyewe alimwambia siku moja wakiwa kwenye sinki za kunawia, "Dokta, aliyeumba mikono hii hakuwa na haraka."

Mgema akisifiwa, tembo hulitia maji. Dada alirudi nyumbani siku ile, akanyang'anya kila mtu kila kitu. Alimnyang'anya Mama sindano, akamnyang'anya shemeji bisibisi, mimi akaninyang'anya mswaki nikiwa nautafutia dawa.

"Huu ni ugonjwa," shemeji akasema. "Hakuna bingwa wake?"

Bingwa wake alikuwepo. Alikuwa ni yuleyule Profesa.

Profesa alikuwa na desturi yake, na waliopita mikononi mwake wote waliijua na kuiogopa. Mafunzo yakikaribia mwisho, bingwa anayesoma hupangiwa upasuaji mzima ambao yeye hatapasua. Anayepasua ni kijana, daktari ambaye bado anasomea ubingwa wa kawaida. Bingwa hunawa, huvaa gauni na glovu kama kawaida, kisha Profesa humpa kitambaa cha kijani, safi kutoka kwenye pakiti ya vifaa, kilichokunjwa mara nne. Bingwa hukishika kwa mikono miwili, kifuani, tangu mwanzo hadi mwisho. Humwongoza kijana kwa mdomo tu. Profesa husimama upande wa pili wa meza kama msaidizi, ili mtoto asije akalipia masomo ya watu.

"Nafasi ni mbili. Ukikiachia mara zote mbili pasipo na hatari," Profesa huwaambia, "unarudi kwangu muhula mwingine. Ukikishikilia penye hatari, hufai kurudi kabisa. Kazi yako ni kujua ipi ni ipi."

Na mtu akimuuliza sababu, hujibu kwa ile sauti yake ya chini: "Nikikurudisha kwenu na mikono yako miwili, nimewapa watu wako mikono miwili. Mimi nataka niwape ishirini."

Mimi niliposikia hayo nilitaka yachapwe ukutani kwenye kila ofisi ya serikali. Dada alicheka tu. "Kushika kitambaa?" alisema. "Hata mtoto anashika kitambaa."

Mara ya kwanza ilikuwa upasuaji wa ngiri. Kijana aliyepangiwa alikuwa daktari mmoja mrefu kupita kiasi, hospitali nzima inamwita Mnara. Meza ya upasuaji hupandishwa kulingana na kimo cha anayepasua, kwa hiyo ilipandishwa juu, na dada yangu, ambaye si mrefu, akaletewa kistuli cha kusimamia. Mnara alikwenda taratibu, lakini alikwenda vizuri. Mwishoni kabisa, amebakiwa na fundo moja tu, akasita kuzungusha uzi.

"Lete," dada akasema.

Anaapa hakujisikia akisema. Alichojua ni kwamba sindano iko mkononi mwake, fundo limefungwa, zuri kama la kwenye kitabu, na kitambaa cha kijani kiko sakafuni.

Profesa alikitazama kile kitambaa. "Mtoto amepona, hongera," alisema. "Wewe bado."

Hilo lilimuuma. Lakini lililomfuata hadi nyumbani lilikuwa jingine. Wakiwa wanavua gauni, Mnara alimwinamia akamuuliza kwa adabu, "Dokta, nilikuwa nakosea?"

"Hapana. Ulikuwa sawa."

"Sasa mbona uliniondolea?"

Toka siku hiyo, wauguzi walisema, mikono ya Mnara ikaanza kutetemeka hata akiwa anafunga jeraha la kidole.

Kisha simu ikaja kutoka kwetu. Mganga mkuu wa hospitali ya mji wetu alikuwa amemtengea dada chumba kwa ajili ya wodi ya upasuaji wa watoto, kikapakwa rangi ya manjano, kikawekewa hadi sinki ya kimo cha watoto. Tuliisikiliza simu sote, dada kaiweka sauti juu.

"Mwanangu, mambo yanaendaje huko?"

"Yanaendelea, Mzee."

"Yasiendelee sana, yaishe. Hapa kuna magodoro mapya yamekuja, hayana pa kulala. Watu wa stoo wanakitamani chumba chako. Mimi nimesimama mlangoni kwa mwili wangu, na mwili wenyewe unaujua ulivyo. Usiporudi muhula huu ukiisha, wananipita."

"Nitarudi, Mzee."

"Na cheti?"

"Na cheti."

Nafasi ya pili ya kitambaa ilikuwa imekaribia, na ya tatu haikuwepo kabla muhula haujaisha. Akishindwa, chumba cha manjano ni cha magodoro, na watoto wa kwetu wanarudi barabarani.

"Tatizo lako ni dogo," Mama akasema akiwa anapanga karata. "Funga mikono."

"Tatizo si mikono, Mama." Dada alivitazama viganja vyake kama watu waliomsaliti. "Hii mikono inajua vitu ambavyo mimi sijui kuvisema. Nikitaka kumwambia Mnara afanye nini, maneno sina. Nina 'lete' tu."

Basi tukaanza shule ya mayai.

Mazoezi yenyewe ni ya watu wa kazi yake: unachukua yai bichi, unavunja ganda lake na kuling'oa kipande kwa kipande kwa koleo dogo, bila kuchana ule utando mweupe ulio chini yake. Dada aliweza hata akiwa anasinzia. Sasa mwenye koleo nilikuwa mimi, ambaye Mama alikuwa haniruhusu hata kubeba vikombe viwili kwa wakati mmoja. Dada alikaa mkabala nami, kashika taulo ya jikoni kifuani kwa mikono miwili. Shemeji alikuwa mwamuzi. Sheria yake ilikuwa moja: kila "lete" itakayotoka, mwenye mdomo anaosha vyombo vya siku hiyo.

"Shika koleo," dada akaanza.

"Nimeshika."

"Si hivyo. Shika kama... kama... Lete nikuoneshe!"

"Vyombo!" shemeji akapiga kelele kwa furaha ya mtu aliyepumzishwa.

Yai la kwanza nilichana utando, ute ukatiririka hadi kwenye mkeka. La pili vilevile. La tatu nililipasua lote likiwa mkononi.

"Unabonyeza, unabonyeza!" dada akapiga makelele.

"Sasa nisibonyeze nitavunjaje?"

"Fanya hivi," akasema, na kichwa chake kikawa kinafanya hivi.

"Hivi ni wapi, dada? Mimi nakuona unatikisa kichwa kama mbuzi aliyekula pilipili."

Mama alicheka hadi karata zikamwanguka. Tulikula mayai ya kukaanga asubuhi, ya kuvuruga mchana, na jioni shemeji akayatia kwenye wali kwa siri. Ilifika mahali kuku wa jirani wakituona wanavuka barabara. Na dada aliosha vyombo hadi ngozi za vidole zikakunjamana.

Lakini kidogo kidogo maneno yakaanza kuja. Yalikuja kwa kutafutwa, kama mtu anayepapasa swichi kwenye chumba cha kigeni. Jioni moja nilikuwa nimeng'oa ganda nusu, jasho linanitoka, utando unatetemeka. Nikakwama. Nilimwona dada ameuma mdomo, taulo imekazwa mikononi kama anaikamua maji. Akafumba macho. Kisha akaongea polepole, kama anayesoma kitu kilichoandikwa ndani ya kope zake.

"Usisukume chini," akasema. "Chini hakuna kazi. Sukuma pembeni. Ingiza ncha, fungua koleo, ngoja. Ganda litakatika lenyewe likichoka. Wewe si mvunjaji. Wewe unaliachia nafasi tu."

Niliingiza ncha. Nikafungua, nikangoja. Ganda likasema *tk*, likaachia. Nikaenda kingine. *Tk*. Nilipoinua uso, mbele yangu kulikuwa na yai lililo uchi upande mzima, utando wake mzima, kiini kinaonekana kwa mbali kama taa nyuma ya pazia.

Dada alifumbua macho. "Nani amefanya?"

"Mimi."

"Mimi sikugusa?"

"Hukugusa."

Aliruka akanikumbatia, yai likapasuka katikati yetu.

"Hilo nalo tunakaanga?" Mama akauliza.

Siku ya pili ya kitambaa ikafika. Mengine ya siku hiyo nimesimuliwa na dada, mengine na Mnara, na mengine na Sista, muuguzi wa chumba cha upasuaji, ambaye hasimulii jambo mpaka aliigize.

Mgonjwa alikuwa mtoto mchanga wa kiume, kilio chake kikubwa kuliko yeye. Kila akinyonya, maziwa yalirudi kwa kishindo, yanaruka hadi kwenye ukuta. Msuli ulio kwenye mlango wa kutokea tumboni ulikuwa umenenepa hadi ukaubana mlango, chakula hakipiti. Walimkuta amekauka, wakamrudishia kwanza maji na chumvi mwilini hadi akapata nguvu ya kugombana na sindano. Tiba yake ni kuuchana ule msuli kwa urefu na kuupanua, ili mlango ufunguke. Chini ya msuli kuna utando laini. Huo haugusiki. Ukiutoboa, umemtoa mtoto kwenye tatizo moja na kumtia kwenye baya zaidi.

Kijana aliyepangiwa, Profesa alisema kama vile hakumbuki lolote, ni Mnara.

Mama wa mtoto, msusi mmoja mwenye macho makali, alimshika dada mkono mlangoni. "Dokta, ni wewe utakayempasua?"

"Atampasua mwenzangu huyu. Mimi nitasimama karibu naye kuliko ulivyo wewe na mimi sasa. Na Profesa atakuwa upande wa pili."

Msusi alimpima Mnara kuanzia viatu, safari ikamchukua muda. "Huyu? Huko juu anaona huku chini?"

"Naona, mama," Mnara akasema, sauti imekauka.

"Basi usimwangushe."

Meza ikapandishwa. Kistuli kikaletwa, na juu yake kingine. Profesa akampa dada kitambaa cha kijani.

Mnara alikata pale panapotakiwa. Akautoa ule msuli nje: mgumu, mweupe, mnene kama kokwa ya tende. Akauchana juu kwa urefu, mstari mmoja safi. Akaingiza koleo, akafungua kidogo. Tone la damu likajitokeza. Akasimama.

Mikono ikaanza kutetemeka. Mashine ya moyo ilikuwa inalia tu, pip, pip, pip. "Basi nikamwangalia Dokta," Sista husimulia, akijishika kifua, "vidole vinatambaa ndani ya kitambaa kama panya kwenye gunia. Nikasema, haya, leo tena."

Dada anasema mikono yake ilikuwa inawasha hadi kwenye viwiko. Kila kitu ndani yake kilikuwa kinasema lile neno lake. Akajiuliza swali la Profesa: hii ni hatari? Akatazama damu. Haiongezeki. Akasikiliza moyo wa mtoto. Uko sawa. Akamtazama daktari wa usingizi, naye akaitikia kwa kichwa. Hatari haikuwepo. Kilichokuwepo pale mezani ni woga, na mwingi, alitambua, aliuleta yeye siku ile ya ngiri.

"Unaona nini?" akamuuliza Mnara.

"Damu, Dokta."

"Nyingi?"

"Kidogo."

"Inaongezeka?"

Mnara akainama. "Hapana."

"Basi imekusalimu tu. Iitikie, uendelee."

Nyuma ya barakoa mtu alicheka. Mabega ya Mnara yakashuka.

"Siku ile hukukosea," dada akaendelea, taratibu. "Niliyekosea ni mimi. Sasa sikiliza. Usisukume chini, chini hakuna kazi. Ingiza ncha, fungua pembeni, ngoja. Msuli utaachia wenyewe. Kama ganda la yai na utando wake."

"Kama yai," Mnara akarudia.

Akafungua, akangoja. Msuli ukaanza kuachana, uzi mmoja baada ya mwingine. Katikati ya mpasuko utando ukachomoza, laini, unang'aa. Zilibaki nyuzi chache kule mwisho, upande ulio hatari zaidi, ambako utando huwa mwembamba. Mnara akapunguza mwendo. Akapunguza zaidi. Chumba kizima kilikuwa kinapumua kwa zamu.

Ndipo mkono ukajitokeza juu ya meza. Haukuwa wa Lete. Ulikuwa wa Profesa, umenyooka kuelekea koleo la Mnara, na ile sauti ya chini inasema, "Lete nimalizie hapa."

*Pap!*

Dada alikuwa amemchapa kwa kitambaa. Kwa mikono miwili, juu ya vidole, kama mama anayemchapa mtoto aliyeingiza mkono kwenye sufuria.

"Profesa! Mwache!"

Sista huapa kwamba hata mashine iliruka mlio mmoja. Daktari wa usingizi alichomoza kichwa juu ya pazia kama kobe. Mnara aliganda. Profesa alimtazama dada kwa muda, macho mawili juu ya barakoa. Kisha akaurudisha mkono wake polepole, akauweka kifuani, na wa pili juu yake.

"Samahani, Dokta," akasema.

"Endelea," dada akamwambia Mnara. "Hapo ulipo pako sawa. Huna haraka, nami sina."

Mnara akaendelea. Uzi wa mwisho ukaachia. Akashika pande mbili za msuli, akazisogeza: hii huku, hii kule, kila moja inacheza peke yake. Hiyo ndiyo dalili yenyewe. Daktari wa usingizi akasukuma hewa kwa mrija hadi tumboni, Sista akamwagia maji ya chumvi juu ya utando, wakainama wote kutafuta mapovu. Mapovu hayakuwepo. Hewa ilipita mlangoni, maji yakatulia kama ya kwenye glasi.

"Funga," dada akasema. Lilipofika fundo la mwisho, Mnara alisita kuzungusha uzi, kwa mazoea. Dada alisubiri. Alisubiri hadi Mnara akafunga mwenyewe.

Kwenye sinki, dada alimfuata Profesa akiwa bado na kitambaa mikononi. Alikuwa na hakika amejiharibia. Mtu amchape mwalimu wake mbele ya watu, halafu aombe cheti?

"Profesa, nisamehe."

"Kitambaa ulikiachia?"

"Sikukiachia."

"Ila ulinichapa nacho."

"Ndiyo, Profesa."

Mzee alifungua bomba, akanawa, akafunga bomba. Ndipo dada alipoona mabega yake yanatikisika. Alikuwa anacheka, bila sauti, machozi yanamtoka. "Miaka yote hii," alisema alipoweza, "nimewapa mabingwa kitambaa, wakakishika mbele yangu kama mishumaa. Hakuna hata mmoja aliyeona kwamba wa upande wa pili hana. Umefaulu, Dokta. Na kuanzia mwingine ajaye, vitambaa vitakuwa viwili."

Jioni mtoto alionjeshwa maziwa. Yakashuka, yakakaa. Mama yake, msusi, aliwaangalia dada na wenzake wote, akamwendea Mnara, akatupa kichwa nyuma ili amfikie macho. "Kumbe unaona," akamwambia.

Dada alimpigia mganga mkuu wa kwetu kutoka kwenye ngazi za nyumba yetu, hata kuingia ndani hajaingia. "Mzee, waambie watu wa stoo magodoro yao wayatafutie pa kulala pengine!" Tulisikia mayowe ya mzee kupitia simu hadi jikoni. Mama alishukuru Mungu, kisha akashukuru tena kwamba sasa tutakula kitu kingine.

Nilikwenda naye kufungua ile wodi. Chumba ni cha manjano kweli, na sinki ni fupi hata kwa dada. Alikuwa tayari amepata madaktari wawili vijana wa kuwafundisha, na Mnara ameomba aje akimaliza masomo yake. Ukutani, kwenye msumari, ametundika kitambaa cha kijani alichopewa na Profesa.

Hewa ilikuwa nzito kwa harufu ya rangi mpya, nikaenda kufungua dirisha. Rangi ilikuwa imeligandisha. Nikalisukuma, likagoma. Nikalibonyeza kwa kiganja, kwa bega, nikatukana kimoyomoyo. Nyuma yangu nikasikia mtu anavuta pumzi ndefu. Niligeuka. Dada alikuwa amekaa kwenye kitanda cha kwanza cha wodi yake, mikono yake yote miwili ameikalia.

"Chini hakuna kazi," akasema. "Pembeni."

Nikasukuma pembeni.